Nani Ataitetea Mwanza ya Mjini Kati?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina mpaka wake, nao umewekwa kwenye mwaka 1863. Jengo lililosimama kabla ya mwaka huo linalindwa bila mtu yeyote kuliombea. Lililojengwa baadaye linamsubiri waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali, na asipolitangaza halina tofauti na banda lililopigwa misumari jana. Magofu ya Kilwa Kisiwani, Kaole na Tongoni yamo ndani ya mpaka huo kwa karne kadhaa. Mwanza haimo. Wajerumani walifungua kituo chao hapa mwaka 1892, miaka 29 baada ya mwaka unaohesabiwa na sheria, na nyumba tunazoziita za kale katika jiji hili zimejengwa baada ya hapo.

Maana yake ni kwamba mtu mwenye hati na kibali cha ujenzi anaweza kuangusha ukuta wenye umri wa miaka 90 katikati ya Mwanza asiwe amevunja kifungu chochote cha sheria hiyo. Nasi tumezoea. Jumatatu panafungwa mabati ya bluu kuzunguka kiwanja, miezi michache baadaye nguzo za zege zinachomoza juu ya mabati, na mwaka ukigeuka tunashindwa kukumbuka pale palikuwa na duka gani.

Ninaposema mjini kati sizungumzii jiji zima lenye watu zaidi ya milioni moja katika Nyamagana na Ilemela. Nazungumzia kipande kidogo unachoweza kukizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali: kuanzia stesheni ya reli na bandari, kupanda na barabara za Stesheni, Kenyatta na Nyerere, kuingia mitaa ya Lumumba, Rwagasore na Nkrumah, hadi chini ya miamba ya Makoroboi. Kipande hicho ndicho kilichoizaa Mwanza yote iliyobaki. Kinastahili kutangazwa na kulindwa, pamoja na watu wanaokifanya kiishi.

Kabla ya reli, mji huu ulilitazama ziwa. Ukisimama bandarini, karibu na Jiwe la Bismarck lililobebana na mawe wenzake juu ya maji, unaona sababu. Ghuba imetulia, vilima vinakinga upepo, na mitumbwi ya Wasukuma na Wakerewe ilikuwa ikitia nanga hapa muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kuchora ramani. Bango la mnara wa saa linamtaja John Hanning Speke na tarehe 3 Agosti 1858, siku aliyoliona ziwa akiwa upande wa kilima cha Isamilo. Mimi hupita hapo bila kukawia, kwa sababu biashara iliyoujenga mji ilikuja zaidi ya miaka 40 baadaye, mwaka 1901, pale Reli ya Uganda ilipofika Kisumu. Tangu hapo ngozi, karanga, mchele na pamba za koloni la Wajerumani zilipakiwa kwenye meli Mwanza, zikavuka ziwa hadi upande wa Waingereza, zikapanda treni kwenda Mombasa. Mzigo ulikuwa wa Berlin lakini njia ilikuwa ya London. Wafanyabiashara wa Kihindi, wakiwemo mawakala wa Alidina Visram aliyekuwa na maduka kuzunguka ziwa lote, wakashuka na njia hiyohiyo wakijua kwamba penye bandari na mzigo patahitajika kitambaa, chumvi, jembe na mkopo.

Wajerumani wenyewe waliacha majengo machache na majina mengi. Juu ya kilima cha Robert Koch kuna jumba linaloitwa la Gunzert, kwa jina la Theodor Gunzert aliyekuwa mkuu wa wilaya wa Kijerumani, jumba ambalo limeachwa lichakae ingawa linaonekana toka mbali. Koch, daktari aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882, alipita Mwanza mwaka 1906 akiongoza msafara wa kutafiti malale, kisha akaendelea na kazi hiyo katika visiwa vya Sese. Dawa aliyoitumia kule, atoksili, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Sitaki jina lake lifutwe kilimani. Ninachotaka ni kwamba mtoto wa shule anayekipanda kilima kile aambiwe yote mawili, ugunduzi na upofu, na ukuta unaobomoka ni mahali pazuri pa kumwambia.

Waingereza waliuteka mji Julai 1916. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika, na Mwanza ikapata mgongo wa pili: sasa mzigo uliweza kwenda Dar es Salaam bila kuomba njia ya Kisumu. Kuanzia hapo nyumba za biashara zikapandana mtaa kwa mtaa kati ya stesheni na miamba.

Nyumba hizo zina mpangilio wao, na ukishaujua utautambua hata pale mabango ya kampuni za simu yalipofunika kila kitu. Mbele kuna baraza yenye paa, imebebwa na nguzo, ili mteja asilowe wala asiungue. Nyuma ya baraza ni duka lenye milango ya mbao yenye mbawa nyingi, inayofunguka upana wote wa chumba asubuhi na kufungwa kwa komeo la chuma jioni. Kama kuna ghorofa, huko juu ndiko familia ilikolala, na roshani yake inaangalia barabarani ili mama wa nyumba aweze kumwita mwuza samaki bila kushuka. Nyuma ya yote kuna ua: jiko, choo, pipa la maji ya mvua, kamba ya kuanikia, stoo ya magunia. Paa ni la bati, lakini kutoka barabarani hulioni, kwa kuwa ukuta wa mbele umepandishwa juu yake na kupambwa kwa saruji. Huko juu ndiko baadhi ya wenye nyumba walikoandika jina la ukoo au mwaka wa ujenzi. Ukipita Rwagasore au Lumumba, tembea ukiinua macho.

Baraza inanigusa kuliko roshani zote. Ilijengwa kwa fedha ya mtu binafsi, lakini kwa karibu karne moja imekuwa mali ya kila mpita njia. Fundi cherehani ameweka mashine yake pale, analipa kodi ndogo au halipi kabisa, na anavisha nusu ya harusi za Mwanza kwa mikono yake. Wazee wanakaa kwenye kizingiti kusoma magazeti na kubishana juu ya Simba na Yanga. Mvua ya Machi inapopiga ghafla, mtaa mzima unaingia chini ya paa lilelile: mwenye duka, mwanafunzi, dereva wa bodaboda na mzigo wake. Jengo jipya la vioo linalosimama mahali pa nyumba hiyo huja na ngazi, walinzi na nafasi ya magari. Linapendeza kwa mwenye kuingia, na anayepita nje halina cha kumpa. Mchoraji ramani wa miaka ya 1930, ambaye wala hakuwa akifikiria haki za wanyonge, aliujali zaidi mwili wa mtu anayetembea kuliko tunavyofanya sisi.

Fedha ya nyumba hizo ilitoka shambani, na hapa ndipo historia ya mjini kati inapoacha kuwa ya wageni peke yao. Mkulima wa Usukuma aliyebeba pamba yake kwenda kuuza aliikuta mizani ya mnunuzi, na mizani hiyo ilikuwa na tabia ya kupunguza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichagua wapimaji wao wenyewe, wakawaweka kwenye vituo vya kununulia wakapime upya kilichopimwa. Kitendo kidogo sana, lakini kilizaa chama. Paul Bomani, kijana aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza tangu mwaka 1947, aliwaunganisha wapimaji na wakulima, na mwaka 1955 ukazaliwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambao ulikuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe akawa waziri wa fedha wa nchi huru. Serikali ilizifuta jumuiya za ushirika mwaka 1976, ikazirejesha kwa sheria ya mwaka 1982, na Nyanza Cooperative Union ndiyo iliyorithi kazi ile. Mwana Mwanza anaibeba historia hiyo mdomoni kila siku: kuna Barabara ya Pamba, na kuna Pamba, TP Lindanda wa Kawekamo, timu iliyorejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25 na kuujaza uwanja wa Kirumba.

Siasa nayo ilikaa mitaa hiyohiyo. Saadani Abdu Kandoro, mshairi, aliendesha kazi ya TAA, chama kilichoitangulia TANU, katika Jimbo la Ziwa akiwa Mwanza, akawa mmoja wa watu 17 walioanzisha TANU tarehe 7 Julai 1954. Bhoke Munanka, mwenzake katika siasa hizo, naye alikuwa hapa. Serikali ya kikoloni ilikiogopa chama hicho Usukuma kiasi cha kukataa kuandikisha matawi yake hadi mwaka 1958, na ulikuwa mwaka huohuo ambapo maelfu ya watu wa Geita, waliochoka na baraza la mchanganyiko wa rangi walilowekewa kwa nguvu, walikuja Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, wakakesha mjini wakidai kusikilizwa, hadi polisi walipowatawanya kwa mabomu ya machozi. Kandoro aliyaandika mengi ya miaka ile katika kitabu chake Mwito wa Uhuru cha mwaka 1961. Speke ana bango lake kwenye mnara wa saa. Watu wa Geita wanastahili lao, tena lenye herufi kubwa zaidi.

Uhuru ulipokuja, mji ukaandika moyo wake kwenye vibao vya mitaa. Sidhani kama kuna mji mwingine wa ukubwa huu katika Maziwa Makuu ambapo unaweza kwenda dukani kwa kupita kwa Lumumba, aliyeuawa Januari 1961, ukakata kona kwa Rwagasore wa Burundi, aliyeuawa Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 29, ukamaliza safari yako Balewa, Nkrumah au Kenyatta. Ukiugua, unapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, yenye jina la kiongozi wa Guinea aliyewaambia Wafaransa hapana mwaka 1958. Huu ni urithi usiohitaji saruji. Unahitaji kibao kilichoandikwa vizuri na mstari mmoja wa maelezo chini ya jina, na gharama yake ni ndogo kuliko semina ya siku mbili.

Kisha ukaja mwaka 1971. Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilizichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na katika miji kama Mwanza ilizigusa zaidi familia za Kiasia. Jengo lililokwisha kutimiza miaka 10 halikulipiwa fidia. Wengi waliondoka kwenda Uingereza na Canada. Naelewa kwa nini taifa changa lilichukua hatua ile, mji ukiwa na watu wachache wenye nyumba nyingi na wengi wasio na chumba. Lakini lazima isemwe pia kwamba nyumba ilibaki bila mtu wa kuipenda. Mpangaji alilipa kodi ndogo, mwenye nyumba mpya alikuwa ofisi yenye maelfu ya paa nchi nzima, na bomba lililovuja mwaka 1975 liliachwa likavuja. Mwaka 1990 Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na leo shirika hilo lina sauti kubwa katika kuamua sura ya vituo vya miji yetu. Likiamua kukarabati, mtaa unapona. Likiamua kubomoa na kupandisha ghorofa, hakuna mtu binafsi wa kushindana nalo.

Waliobaki walibaki na taasisi zao. Mahekalu ya Wahindu, misikiti ya Mabohora na Waismailia, Gandhi Hall na Hospitali ya Hindu Union ni sehemu za mji ambazo watu wa dini na makabila yote wamezipitia kwa harusi, mkutano au homa ya mtoto. Hizi ndizo nyumba zilizotunzwa vizuri kuliko nyingine mjini kati, na sababu yake haina siri: zina watu wanaozihesabu kuwa zao.

Makoroboi inathibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Hekalu liko pale, na juu yake miamba mikubwa ya granaiti imepangana kana kwamba mtu aliipanga. Chini ya miamba, kwa miaka mingi, mafundi wamekuwa wakipiga bati. Unawasikia kabla hujawaona. Mapipa ya mafuta yaliyokwisha, makopo, vyuma vya magari na mabati chakavu huingia upande mmoja, na upande wa pili hutoka majiko ya mkaa, makarai, masanduku ya shule, kombe za chuma na koroboi zenyewe, taa za utambi zilizolipa eneo jina lake. Fundi hana mchoro wala mashine ya kukatia. Ana nyundo, patasi, kipande cha reli kama fuawe, na kipimo kilicho kichwani mwake, alichorithi kwa baba yake au bwana wake aliyemfundisha. Soko la koroboi limebanwa na umeme wa vijijini na taa za jua, kama vile karabai za wavuvi wa dagaa zinavyobadilishwa na taa za betri katika usiku wa giza ziwani. Mafundi wamehamia kwenye kile kinachonunuliwa, majiko hasa. Ufundi ule ule, bidhaa nyingine.

Kuzunguka mafundi hao walijaa machinga, mpaka gari halipiti na muumini analipata lango la hekalu kwa kubanana. Mwaka 2021 serikali iliwapanga upya wamachinga nchi nzima, na Makoroboi ikabadilika. Nilifurahi kuiona njia ikifunguka. Lakini mpango wowote wa kuihifadhi Makoroboi utakaowahamisha wapiga bati pia, ili watalii wapate mahali pasafi pa kupigia picha, utakuwa umeua kitu ulichotaka kukiokoa. Mwamba utabaki. Jina litabaki. Hakuna kitakachobaki cha kulieleza.

Vilima navyo vina haki ya kutajwa, ingawa vinahitaji makala yao. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, inaonekana kutoka karibu kila kona ya mji, na nyumba ndogo zilizopanda mawe huko Mabatini, Igogo na Isamilo, zimejengwa na watu wanaoijua granaiti kwa mkono: wanauchoma mwamba kwa moto hadi upasuke, wanatoa mawe ya msingi na kokoto, kisha wanajenga juu ya kilichobaki. Yeyote anayeandika orodha ya ufundi wa ujenzi wa Mwanza na kuishia kwenye roshani za Rwagasore amesahau nusu ya mafundi.

Kwa nini niliseme hili sasa? Kwa sababu fedha inakuja kwa kasi. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na safari iliyokuwa ya kusubiri kivuko sasa ni ya dakika chache. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, iliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Haya ni mambo mema na nayapokea kwa mikono miwili. Yatapandisha pia bei ya kila mita ya mraba ya mjini kati, na nyumba ya ghorofa moja yenye ua itaanza kuonekana kama hasara kwa mwenye kiwanja.

Wengine watasema uhifadhi ni anasa ya Zanzibar. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, na bado sehemu ya jumba lake la Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Tukio lile linanifundisha kwamba cheti cha kimataifa hakishiki paa. Kinachoshika paa ni fundi anayelipwa, bajeti ya kila mwaka na mwenye nyumba anayenufaika kwa kuitunza. Jijini Dar es Salaam Boma la Kale limefanywa kituo cha urithi wa usanifu, na watu wanaingia, wanajifunza, wanalipa. Mwanza ina majengo ya kufanyiwa hivyo, na jumba la kilimani lingekuwa la kwanza kwenye orodha yangu.

Halmashauri ya Jiji ndiyo mamlaka ya upangaji na ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi, kwa hiyo haihitaji kusubiri Dar es Salaam wala Dodoma ili kuanza. Iwatume wanafunzi wa vyuo vya hapa wapite mtaa kwa mtaa, wapime, wapige picha na kuandika: nyumba gani, ya mwaka gani, nani yumo. Ipeleke orodha hiyo kwa waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale ili majengo yanayostahili yatangazwe katika Gazeti la Serikali. Imwombee msamaha wa sehemu ya kodi ya jengo mwenye nyumba anayeitunza baraza yake, na imtake anayejenga upya kwenye mitaa hiyo aweke baraza mbele ya ghorofa lake. Iwape wapiga bati wa Makoroboi hati ya eneo lao kwa jina la ushirika wao. Na wewe unayeishi au kufanya kazi mjini kati, kama una picha ya zamani ya mtaa wako, hati ya nyumba au risiti ya pamba ya babu yako, usiitupe: ifikishe kwa diwani wako na umuulize, mbele ya watu, orodha ya majengo ya Mwanza itaanza kuandikwa lini.